Chokea Kinaporudi Palepale

Chokea hakimtishi mtu. Tumekua nacho. Kope inawasha, inavimba, kesho yake kipele kimeshatoa kichwa, na watoto wenzako wanaapa kwamba umemchungulia mtu bafuni. Mama anachovya kitambaa kwenye maji ya moto, anakukanda, na baada ya siku chache kimepasuka chenyewe, habari imekwisha. Ndiyo maana mtu wa miaka 65 akiamka na kivimbe kwenye kope ya juu haoni sababu ya kuhangaika. Anapita duka la dawa, anauziwa tyubu ya tetrasaiklini. Mwezi unapita, kivimbe kipo. Anakwenda zahanati, kinapasuliwa, kinakwanguliwa, kilichotoka kinatupwa kwenye ndoo ya taka pamoja na pamba. Jicho linatulia. Mwezi wa tano kivimbe kimerudi, na kimerudi palepale. Kinapasuliwa tena, kinatupwa tena.

Makala haya yanahusu kile kilichotupwa kwenye ndoo.

Ndani ya kila kope mna safu ya tezi ndogo za mafuta, zimepangwa kama meno ya kitana. Daktari Mjerumani Heinrich Meibom alizieleza mwaka 1666, na mpaka leo zinaitwa kwa jina lake. Kila tunapopepesa macho zinatoa mafuta kidogo ukingoni mwa kope, yanatanda juu ya machozi, na machozi hayakauki upesi. Kwenye mashina ya nywele za kope kuna tezi nyingine ndogo zaidi, zinazoitwa za Zeis. Tezi ya Meibom ikiziba, mafuta yanarundikana na kope inavimba. Madaktari huita uvimbe huo kalazioni. Sisi wengine tunauita chokea tu, bila kubagua.

Sasa, mara chache sana, seli za tezi hizohizo hugeuka saratani. Inaweza kutokea popote penye tezi za mafuta, yaani karibu ngozi yote isipokuwa viganja na nyayo, lakini mahali inapopapenda ni kope, na kope ya juu kuliko ya chini kwa sababu huko tezi ni nyingi zaidi. Ulaya na Marekani ni adimu hata miongoni mwa saratani za kope: katika kila kumi, nane au tisa ni za seli za besali, ambazo huwapata zaidi watu weupe waliopigwa na jua miaka mingi. India na China sehemu ya saratani hii ya tezi za mafuta ni kubwa zaidi. Kwa watu weusi saratani ya seli za besali ni nadra, kwa hiyo hesabu za vitabu vya Ulaya hazitufai sana. Kivimbe cha kope kikiwa saratani huku kwetu, hatuna ruhusa ya kuanza kwa kudhani kwamba ni ile ya kawaida ya Wazungu.

Hatari ya saratani hii ni jinsi inavyovaa sura za watu wengine. Sura ya kwanza ni hiyo ya chokea: kivimbe kigumu, kisichouma, ngozi ya juu yake nzima kabisa. Ya pili ni uvimbe wa ukingo wa kope, ile hali ya kope kuwa nene, kuwasha na kutoa magamba. Ya tatu ni jicho jekundu. Wakazi wa Dar es Salaam wanakumbuka Januari 2024, macho mekundu yalivyopita nyumba kwa nyumba. Yale ya mlipuko huanza jicho moja, mara nyingi yakaingia la pili, na wiki mbili tatu yamekwisha. Jicho moja peke yake likikaa jekundu miezi miwili, la pili likiwa jeupe kama maziwa, hilo si la mlipuko, na tyubu ya nne ya dawa ileile haitalibadilisha.

Ukiniuliza dalili moja ambayo mtu wa nyumbani anaweza kuiona bila kifaa chochote, nitakutajia nywele za kope. Kalazioni ya kawaida husukuma kope ivimbe, lakini nywele huziacha zimesimama. Saratani hula mashina yake, na nywele zinadondoka mahali pale tu, pengo linabaki kama jino lililong'oka. Hapa pana mtego wa kwetu. Sehemu zenye historia ya vikope, kama Kongwa mkoani Dodoma, bibi wengi wamekuwa waking'oa wenyewe nywele za kope zilizopinda na kukwaruza jicho. Ukoma nao hunyonyoa kope na nyusi. Kwa hiyo pengo peke yake halitoshi kumhukumu mtu. Muulize: ulizing'oa, au zilidondoka? Na je, pengo liko upande mmoja au pande zote?

Vitabu husema pia kwamba kivimbe huwa na rangi ya manjano, kwa sababu ya mafuta yaliyomo, na kwamba ngozi huiva wekundu. Picha za vitabu hivyo zilipigwa kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu hujificha na manjano hufifia, kwa hiyo tumia kidole zaidi ya jicho. Nawa mikono, mkalishe mtu dirishani mchana, apumzishe macho, upitishe kidole taratibu juu ya kope zote mbili ukilinganisha. Kalazioni huwa kama punje ya dengu iliyo peke yake, na ngozi inateleza juu yake. Kope ikiwa nene kwa urefu wake wote, au ngozi imegandamana na kilicho chini yake, andika jina lake kwenye foleni ya kliniki ya macho. Manjano, kama ipo, mara nyingi huonekana upande wa ndani wa kope, na hapo ni lazima kope ipinduliwe. Usimpindue bibi yako nyumbani; hiyo ni kazi ya aliyefunzwa. Lakini mtoa huduma akiandika dawa ya kope bila kuipindua, una haki ya kumwomba aipindue.

Niseme neno juu ya matone. Zipo chupa ndogo zinazouzwa kirahisi ambazo ndani yake antibayotiki imechanganywa na steroidi. Ukizitia kwenye jicho lenye ugonjwa huu, wekundu hupungua, mwasho hupungua, mgonjwa anashukuru. Saratani yenyewe iko vilevile, inaendelea. Zaidi ya hapo, steroidi ya muda mrefu inaweza kupandisha shinikizo la jicho na kuleta mtoto wa jicho. Matone ya namna hiyo yasitumike bila mtu wa macho kuangalia.

Je, kila mwenye chokea akimbilie hospitali kubwa? Hapana, na ningekuwa nawadanganya wasomaji nikiwatisha. Wengi sana wana chokea tu. Kanda kwa kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu dakika tano hadi kumi, mara tatu au nne kwa siku, usikikamue, na upe muda. Kalazioni inaweza kuchukua wiki kadhaa, hata miezi, kabla ya kuyeyuka. Kipimo ninachokishika mimi ni hiki: kivimbe kikirudi mahali palepale baada ya kupasuliwa mara moja, basi kisipasuliwe tena bila kilichotolewa kwenda maabara. Na kwa aliyevuka miaka 50 sioni kwa nini hata kile cha kwanza kisipelekwe. Wapo ambao umri wao hauwalindi: wanaoishi na virusi vya UKIMWI, waliopandikizwa figo na wanaotumia dawa za kushusha kinga, na wale waliochomwa mionzi machoni utotoni kwa ajili ya saratani ya retina. Hao hata wakiwa na miaka 30 wahesabiwe kama wazee.

Sasa tufike kwenye chumba cha daktari, mahali ambapo wengi wetu hupotewa na sauti. Tumelelewa kutomfundisha mganga kazi. Lakini kuna namna ya kusema bila kumvunjia mtu heshima: "Daktari, kivimbe hiki kilipasuliwa Machi kikarudi palepale, na nywele zimenyonyoka. Naomba kinyama kipelekwe kupimwa." Sentensi hiyo ina mambo matatu anayoyahitaji: tarehe, mahali, na nywele. Ukiwa na picha ulizopiga kwa simu kila mwezi, ni bora zaidi, kwa kuwa daktari wa leo huenda si yule wa Machi, na kadi za kliniki zetu tunazijua zinavyoandikwa.

Wengine watakuzuia wakisema saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Nimelisikia neno hili misibani, vijiweni na hata kwa watu wenye shahada. Asili yake naielewa: watu wengi huku kwetu hufika kwenye kisu ugonjwa ukiwa umeshafika mbali, kisha hufariki, na lawama inaangukia kisu. Kukata kinyama kidogo kwa ajili ya kipimo ndiyo njia ya pekee ya kuujua ugonjwa huu. Hakuna picha, hakuna kipimo cha damu, hakuna jicho la mtaalamu hata awe bingwa wa namna gani, kinachoweza kuchukua nafasi yake.

Kinyama chenyewe kina masharti. Kukwangua juu juu hakutoshi, kwa sababu ugonjwa huanzia ndani ya kope, chini ya ngozi iliyo nzima. Mara nyingi daktari wa macho hukata kipande kinachopita unene wote wa kope. Kisha kuna tabia moja mbaya ya saratani hii: hutambaa ndani ya utando unaofunika jicho na upande wa ndani wa kope, na inaweza kuruka, ikaacha sehemu nzima katikati na kutokea mbele. Kwa hiyo ikishathibitishwa au ikishukiwa sana, daktari huchukua vinyama vidogo vidogo kutoka sehemu mbalimbali za utando huo na kuchora ramani. Mgonjwa akiambiwa kwamba watamkata sehemu nyingi, asidhani wanambahatisha. Wanatafuta mpaka wa shamba.

Kila kinyama kiwe na chupa yake, na kila chupa na jina lake: jicho la kulia au kushoto, kope ya juu au chini, tarehe. Ndani ya chupa iwe formalini, dawa ya kuhifadhi kinyama, kiasi kisichopungua mara kumi ya ukubwa wa kinyama. Nasema haya kwa msomaji wa kawaida kwa sababu katika hospitali nyingi za wilaya ndugu ndiye anayepewa chupa aipeleke maabara ya mkoa au ya rufaa, akapanda nayo basi. Uliza ni formalini au la. Kinyama kilichowekwa kwenye maji ya chumvi, au kilichoviringwa kwenye gozi kikakaukia njiani, kinafika kimeoza, na mgonjwa anaitwa kukatwa tena. Kifuniko kikaze, chupa isimame wima, na usiiweke kwenye mfuko mmoja na chakula cha safari. Fomu iwe na maneno ya kueleweka: kivimbe kilichorudi mara ngapi, na daktari anashuku nini. Kuandika "uvimbe wa kope" peke yake ni kumfunga kitambaa machoni anayekwenda kuangalia kwenye hadubini.

Na huyo anayeangalia ana kazi ngumu. Seli za saratani hii zimejaa matone ya mafuta, na hapo zamani kipimo kikuu kilikuwa rangi nyekundu inayoshika mafuta. Lakini matayarisho ya kawaida ya maabara, yenye spiriti na zailini, huyayeyusha mafuta yote. Kinachobaki ni matundu, seli zinaonekana kama povu. Ndiyo sababu rangi hiyo huhitaji kinyama ambacho hakijapitishwa humo, na daktari wa patholojia lazima aambiwe mapema. Siku hizi vipo vipimo vya kingamwili vinavyotambua protini zinazozunguka matone ya mafuta, na hivyo hufanya kazi hata kwenye kinyama kilichokwisha kutayarishwa.

Kwa nini nayaeleza haya? Kwa sababu majibu yanaweza kurudi yakisema ni saratani ya seli bapa. Eneo letu linaifahamu sana hiyo. Miaka ya 1990 madaktari wa Rwanda na Uganda walieleza jinsi saratani ya seli bapa ya utando wa jicho ilivyofungamana na virusi vya UKIMWI, na tangu hapo imekuwa ndiyo jibu la kwanza linalokuja akilini. Chini ya hadubini hizi mbili zinaweza kufanana, hasa pale seli za mafuta zinapokuwa zimeharibika sana zikapoteza povu lake. Kama hadithi ya mgonjwa na majibu haviendani, omba macho mengine yaangalie. Huhitaji kukatwa tena. Maabara huhifadhi kinyama ndani ya kitofali cha nta, na kutoka kwenye kitofali hicho vinaweza kukatwa vipande vipya hata miaka baadaye. Omba kitofali pamoja na vioo vyake vya hadubini, upewe kwa maandishi, uvipeleke unakoelekezwa. Wanaokwenda kutibiwa India nawasihi sana: msipande ndege na karatasi ya majibu peke yake.

Majibu yakithibitisha, daktari atakupapasa mbele ya sikio, chini ya taya na shingoni, maana tezi za limfu za huko ndizo hupokea kwanza kinachotoka kwenye kope. Zitafuata picha za shingo na kifua. Matibabu siyaelezi kwa kirefu, kila mgonjwa na yake: kwa kawaida ni upasuaji unaoondoa uvimbe na ukingo mzima kuuzunguka, kingo hizo zikapimwa, kisha kope ikajengwa upya. Uvimbe ukiwahiwa ukiwa mdogo, jicho mara nyingi hubaki. Ukichelewa hadi umeingia kwenye tundu la jicho, upasuaji unaweza kuliondoa jicho lenyewe.

Lakini uchunguzi haujaishia kwenye jicho, na hapa hata hospitali hupasahau. Mwaka 1895 daktari wa patholojia Aldred Warthin, huko Michigan nchini Marekani, aliambiwa na fundi wake wa nguo kwamba naye atakufa kwa saratani ya tumbo au ya kizazi, kwa kuwa ndivyo jamaa zake wengi walivyokufa. Fundi huyo alikufa kama alivyosema. Warthin aliuchora ukoo ule na kuuchapisha mwaka 1913; miongo kadhaa baadaye Henry Lynch akaendeleza kazi hiyo, na leo tatizo hilo la kurithi la saratani ya utumbo mpana na ya mji wa mimba lina jina lake. Mwaka 1967 Muir wa Uingereza, na mwaka 1968 Torre wa Marekani, wakaeleza wagonjwa waliokuwa na vivimbe vya ngozi pamoja na saratani za ndani ya mwili. Ikaja kujulikana kwamba ni tawi la ukoo uleule: jeni zinazorekebisha makosa ya seli zina hitilafu, na hitilafu inajionyesha kwenye tezi za mafuta pia. Wakati mwingine kivimbe cha ngozi ndicho hutangulia.

Kwa hiyo aliyeambiwa ana uvimbe wa tezi za mafuta, hasa akiwa chini ya miaka 60, au akiwa na vivimbe zaidi ya kimoja, au kivimbe kikiwa nje ya kope, aulizwe habari za ukoo. Nani alikufa kwa utumbo? Nani kwa kizazi? Kwetu jibu ni gumu, kwa sababu watu wamekufa kwa "tumbo", kwa "kurogwa", kwa "kuvimba". Kaa na shangazi mkubwa, uandike. Maabara zenye uwezo zinaweza kupima kwenye kitofali kilekile kama protini za urekebishaji zipo au hazipo. Zikikosekana, hatua inayofuata ni ushauri wa jeni na kuchunguzwa utumbo kwa kamera, kwa mgonjwa na pengine kwa watoto wake, kwa kuwa hitilafu ikithibitishwa kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi.

Kabla hujaanza kujikagua mwili mzima kwa hofu, jua kwamba tezi za mafuta zina vituko vingi visivyo na madhara. Vidoadoa vya manjano midomoni na sehemu za siri, ambavyo huwakosesha vijana usingizi wakidhani wameambukizwa, ni vya Fordyce, ni tezi za kawaida zilizojitokeza. Vivimbe vidogo laini vya paji la uso la mtu mzima, vyenye kishimo katikati, ni tezi zilizokua kwa umri. Na mtoto aliyezaliwa na kibaka kisichoota nywele kichwani, chenye uso wa mikunjo, ana baka la tezi za mafuta; kitazamwe na daktari wa ngozi kikianza kubadilika baada ya balehe, ila mara nyingi mabadiliko hayo nayo si saratani.

Kwa Tanzania, KCMC iliyoko Moshi ina idara ya macho na kituo cha mafunzo ya ngozi katika uwanja mmoja, jambo lenye faida kwa ugonjwa unaokaa mpakani mwa fani hizo mbili. Muhimbili ina macho na patholojia. Mionzi ikihitajika, Ocean Road wapo. Kenya, wagonjwa wa macho wanaijua hospitali ya Kikuyu. Chukua rufaa, na uulize bima yako mapema kama inalipia kipimo cha kinyama, maana wengi hukwama kwenye dirisha la malipo chupa ikiwa mkononi. Ukikabidhi chupa, usiondoke bila namba ya maabara. Iandike kwenye kadi na kwenye simu, weka tarehe ya kurudi, na ikipita wiki ya majibu bila kuitwa, nenda mwenyewe. Ukimya wa maabara usiuhesabu kuwa ni habari njema.

Na safari ijayo ukienda kumsalimia bibi au babu, ukishampa shikamoo, msogeze dirishani uangalie kope zake, moja baada ya nyingine. Akikuambia, "Hicho ni kichokea tu, mjukuu wangu," muulize kimeanza lini.